Geji Arobaini na Moja za Wifi Yangu

Mke wa kaka yangu alitembea ndani ya kiwanda cha sabuni kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kusoma geji. Kama hujawahi kuiona, geji ni kile kidude cha duara, kama saa ya ukutani yenye mshale mmoja, kinachofungwa kwenye bomba au tangi kuonyesha presha au joto la kilichomo ndani. Kiwanda chetu kina geji arobaini na moja: nyingine ziko usawa wa macho, nyingine juu ya ngazi za chuma, na moja iko nyuma ya boila la kuchemshia mvuke, mahali ambapo lazima uingie kiubavu. Mara nne kila zamu wifi alizizungukia zote na daftari lake, kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Alikuwa na mtindo wake. Anagonga kioo kwa ukucha, mara moja tu, anasubiri mshale utulie, ndipo anaandika. Watu wakamwita Mama Mshale, na jina likamkaa mpaka hata meneja akasahau lile la kwenye kitambulisho.

Nasema kiwanda chetu kwa sababu na mimi niko hapohapo, ukumbi wa kufungasha, ambako sabuni zikishakatwa tunazivisha karatasi na kuzipanga kwenye maboksi. Nyumbani pia tunakaa pamoja, yeye na kaka vyumba vya mbele, mimi cha uani. Kaka ni fundi baiskeli. Ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia asubuhi, jibu unaweza kulipata adhuhuri. Kwa hiyo mazungumzo ya nyumba ile ni ya mawifi wawili. Mimi humtania kwamba mke wa kaka yangu anashinda baa kutwa, maana presha hupimwa kwa baa, naye hunijibu, "Ndiyo, na narudi nimelewa mvuke."

Mwaka yalipotokea haya ninayoyasimulia, goti lake la kulia lilikuwa limeanza kugombana na ngazi. Kazini hakumwambia mtu. Akifika nyumbani anavua viatu, anakaa kwenye kigoda, anatia mguu kwenye beseni la maji ya moto na kufumba macho.

"Pumzika hata siku mbili, wifi," nilimwambia.

"Nikipumzika mimi, atazunguka nani?"

Wiki mbili baadaye mhandisi wetu mpya akaleta jibu la swali hilo ndani ya maboksi manne. Alikuwa kijana mrefu, mpole, ana miezi minane tu kiwandani, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa mlangoni hata pale mlango ulipomtosha. Ndani ya maboksi mlikuwa na vidude vyeusi vya kukaa kiganjani. Akatukusanya wakati wa chai akaeleza: kila kimoja kitabanwa mbele ya geji, kina kijicho kinachoutazama mshale, na kila dakika kitatuma hewani namba iliyosomwa. Hakuna waya. Kisanduku kimoja ukutani kitapokea namba zote na kuzipandisha kwenye intaneti, na mtu akifungua programu kwenye kompyuta, au hata kwenye simu, ataona geji zote arobaini na moja bila kunyanyuka kwenye kiti.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema fundi wa boila, mzee mwenye nyusi zilizoungua zamani zikakataa kuota vizuri. Watu wakacheka. Halafu mmoja baada ya mwingine wakamgeukia Mama Mshale, na kicheko kikapungua.

Yeye alikuwa ananywa chai. Akaimaliza, akaosha kikombe, akachukua daftari akaondoka kwenye mzunguko wake.

Jioni ile tulirudi pamoja mpaka kona ya duka la vifaa vya ujenzi. Hapo akasimama kama anayepumzisha goti.

"Wifi, nimeishia darasa la saba. Kitu ninachokijua duniani ni zile geji. Wakinirudisha nyumbani nitazunguka nini? Nizunguke nyumba?"

Nikamshika mkono tukaendelea.

Siku ya tatu mhandisi akamwita ofisini. Wifi alivaa kanga yake safi chini ya koti la kazi, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Kumbe kijana alikuwa amekwama. Vidude vilikuwa vimefungwa vyote, lakini programu haikujua lolote. Kwake geji zote zilikuwa sawa: kifaa nambari moja, kifaa nambari mbili, basi. Ilibidi mtu aiambie kila geji inaitwaje, iko wapi, mshale wake unaanzia namba gani na kuishia namba gani, na ukifika wapi watu waitwe. Vibao vya zamani vya majina vilikuwa vimeliwa na mvuke. Michoro ya kiwanda ilikuwa ya zamani kuliko mhandisi mwenyewe.

"Mama, mimi hapa ni mgeni," akamwambia. "Wewe ndiye unayezijua. Naomba ukae na mimi."

"Kompyuta sijawahi kuigusa, mwanangu."

"Na mimi geji ya nyuma ya boila sijawahi kuifikia. Tutafundishana."

Akamsogezea kiti, akamwonyesha kipanya, na kwa kuwa mashine ilikuwa imepoteza mtandao, akamwambia, "Kwanza tuunganishe na wifi."

"Wifi yuko kufungasha," akajibu. "Mwache amalize zamu."

Mhandisi alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Kisa hicho kilizunguka kiwanda kizima kabla ya saa ya chakula, na mimi nikapewa heshima nisiyoitafuta: mtandao ukikatika, watu wananiita mimi. Hadi leo sijui kama wifi alisema vile kwa kutojua au kwa kumpima kijana. Nikimuuliza, anatabasamu tu.

Kazi ya kuzitambulisha geji iliwachukua wiki tatu. Mwanzoni kipanya kilimsumbua. Alikuwa anakinyanyua juu kama pasi. Neno la siri lilimkasirisha zaidi, maana programu ilitaka herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama, na kila alichoandika ilisema ni dhaifu. "Inanitukana hii," alilalamika. Lakini walipofika kwenye geji zenyewe, mambo yakageuka. Mhandisi anauliza, yeye anajibu bila kufungua daftari. Hii inaanzia sifuri mpaka kumi. Hii ni ya joto, kioo chake kina ufa, usiangalie ufa ukadhani ni mshale. Hii ilihamishwa kutoka bomba la mafuta mwaka wa mafuriko.

Walipofika ya kumi na saba, akasita.

"Hii ni mwongo," akasema.

"Mwongo vipi, mama?"

"Iligongwa na toroli. Hata bomba likiwa tupu inasema nukta nne. Mimi huwa natoa hiyo nukta nne kichwani ndipo naandika. Sasa hicho kijicho chako kitajuaje?"

Mhandisi akamwonyesha ukurasa wa mipangilio ya kifaa, na hapo palikuwa na kisanduku cha kuandika marekebisho: toa kiasi hiki, au ongeza kiasi hiki, kabla ya kuonyesha. Wifi akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Namba kwenye skrini ikashuka ikawa sawa na ile ambayo angeiandika yeye.

Jioni alinisimulia hilo mara mbili. "Wifi, miaka kumi na mmoja nimebeba ile nukta nne kichwani. Leo nimeitua."

Shida ilibaki kwenye kengele za kuita watu. Mhandisi alikuwa ameweka mipaka kwa kufuata kitabu, na siku ya kwanza simu yake ililia tangu saa mbili mpaka saa sita kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Tangi la tatu, tangi la tatu, tangi la tatu. Fundi wa boila alikimbia mara nne akakuta hakuna kitu. Ya tano hakukimbia. Wifi akaeleza kwamba lile tangi ukilifungulia mvuke lazima liruke, halafu linatulia. "Liache livute pumzi dakika tatu ndipo lipige kelele," akasema. Programu ilikuwa na nafasi ya kuandika hizo dakika tatu. Simu ikanyamaza, na tangu hapo ikilia watu wanaitika.

Basi hakufukuzwa. Alipewa meza kwenye chumba kidogo juu ya ukumbi wa matangi, chenye dirisha na feni, na skrini iliyojaa miraba arobaini na moja ya kijani. Goti likaanza kupona. Ngazi za kufikia chumbani alizipanda mara moja asubuhi na kuzishuka mara moja jioni. Alisema anakosa kusalimiana na watu, na kwamba kukaa kunachosha kuliko alivyodhani. Lakini alinenepa kidogo, na kaka akalisema hilo kwa sauti, jambo lililotushangaza sote.

Miezi mitano ikapita hivyo. Kisha wakaja wapaka rangi.

Kiwanda husimamishwa siku mbili kila mwaka kwa usafi, na mwaka ule meneja aliamua mabomba yote yapakwe upya. Kazi ilipoanza tena siku ya Jumatatu, kila kitu kiling'aa. Wifi akafungua programu yake. Geji ya ishirini na sita, ile ya bomba kuu linalogawa mvuke kwenye matangi, ilionyesha tatu nukta nane. Hiyo ndiyo presha yake. Mraba ulikuwa wa kijani. Programu ina sehemu ya kuonyesha mwenendo wa kila geji kwa mstari, na mstari wa ishirini na sita ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Mhandisi alifurahi. Akasema matengenezo yamesaidia, mvuke sasa umetulia. Akauchapa ule mstari kwenye karatasi akampelekea meneja.

Wifi hakufurahi, lakini hakusema. Ile geji alikuwa ameisoma maelfu ya mara, na haikuwahi kukaa kimya. Tangi moja likifunguliwa inashuka, likifungwa inapanda. Siku zote inacheza kati ya tatu nukta sita na nne nukta moja. Akafungua mistari ya joto la matangi: inapanda na kushuka kama kawaida. Maana yake mvuke unatumika. Sasa mvuke utumike vipi na presha isitikisike?

Aliijua hoja yake asubuhi ile ile. Akakaa nayo kutwa nzima.

Jioni hakula vizuri. Nikamuuliza kama ni goti.

"Si goti. Kuna geji siielewi." Akanieleza kama nilivyokueleza wewe.

"Si umwambie mhandisi?"

"Nimwambie nini? Kifaa kinafanya kazi. Ameshampelekea meneja karatasi. Watasema Mama Mshale anaionea mashine wivu, anatafuta sababu ya kurudi na daftari lake."

Kaka alikuwa pale mlangoni, ameshika mnyororo wa baiskeli, anaupaka grisi. Hakuinua macho. "Mke wangu," akasema, "hao wanakulipa usome. Umesoma. Sasa unamfichia nani?"

Kwa kaka yangu hiyo ilikuwa hotuba. Alfajiri wifi alinitangulia kutoka nyumbani, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Alimkuta mhandisi anafungua ofisi. Akamwonyesha mistari miwili, ule wa joto unaocheza na ule wa presha uliolala. Kijana akaangalia kifaa: betri imejaa, mawasiliano ni mazuri, namba ya mwisho imetumwa sekunde arobaini zilizopita.

"Kifaa ni kizima, mama."

"Kizima kabisa. Kinasoma mshale na kinasema kweli. Ninachoogopa ni mshale wenyewe. Twende tukaugonge."

"Sasa hivi? Nina kikao na meneja saa mbili."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

Nilimwona akishuka. Mlango wa ukumbi wetu ulikuwa wazi, na ng'ambo ya ukuta mwembamba ndiko yaliko matangi. Alikuwa ameshika reli, anashusha mguu mmoja halafu anauleta wa pili kwenye ngazi ileile, kama mtoto anayejifunza. Nyuma yake, kichwa kimeinama, alikuja mhandisi. Kikao alikuwa amekiacha.

Wifi alisimama mbele ya geji ya ishirini na sita, akasogeza kile kijicho pembeni, akagonga kioo kwa ukucha. Mshale haukutikisika. Akagonga tena. Kisha akashika bomba dogo linaloibeba geji, ambalo siku zote huwa na uvuguvugu. Lilikuwa baridi. Akafuata bomba kwa vidole mpaka chini, kwenye koki yake, ambayo ilikuwa imepakwa rangi mpya pamoja na kila kitu. Mkono wa koki, badala ya kufuata bomba, ulikuwa umelala kiubavu.

"Imefungwa," akasema. "Wapaka rangi wameifunga kabla mvuke haujazimwa. Hii presha tunayoiona ni ya siku waliyoifunga. Iliyomo ndani leo hatuijui."

Fundi wa boila aliitwa. Mikono ya yule mzee ni mizito, lakini koki ile aliifungua kama anayemfunika mtoto aliyelala. Mshale ukaamka. Nne. Tano. Ukavuka alama nyekundu ya tano na nusu, ukaenda kusimama sita nukta mbili, ukitetemeka.

Mzee akasema "Haya" kwa sauti ndogo, akageuka, akaenda kufunga mvuke kwenye vali kubwa, koki kuu ya bomba lile, mzunguko kwa mzunguko, taratibu. Mhandisi alisimama akiutazama mshale ukishuka. Mimi nilikuja kuambiwa baadaye kwamba vali ya kupunguza mvuke ilikuwa imechakaa ndani, inapitisha mvuke kupita kiasi, na kwamba mabomba yaliyo ndani ya matangi hayakutengenezwa kwa kubeba sita. Vali ya usalama ingefunguka kwenye saba, kama ingefunguka. Haikuwa imejaribiwa tangu mwaka uliotangulia. Ng'ambo ya ule ukuta tulikuwa wanawake thelathini na wawili tunavisha sabuni karatasi.

Kiwanda kilisimama mpaka alasiri. Vali mpya ikawekwa. Tulikaa nje kwenye kivuli cha ghala, na wifi akaja kukaa karibu yangu.

"Nilijua jana," akasema. "Jana asubuhi, wifi. Nikanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Na wewe ulikuwa mule ndani."

"Leo umesema."

"Leo ni leo. Na jana je?"

Hilo lilimkaa muda mrefu. Watu walimsifu, na kila aliposifiwa niliona anavyotazama pembeni.

Mhandisi alifanya jambo ambalo mimi nitamheshimu kwalo daima. Alikwenda kwa meneja pamoja naye, akaichukua ile karatasi yenye mstari ulionyooka, akasema mbele ya wakuu wote wa idara: "Hii niliileta kama habari njema. Nilikosea. Mama aliisoma sawasawa, nami nilitazama kifaa tu." Akaulizwa kama vile vidude basi havina maana. Wifi ndiye aliyejibu. Alisema vidude ni vizuri; bila hivyo asingeweza kulinganisha mistari miwili akiwa amekaa, na kwa daftari pengine angechelewa zaidi. Ila kidude hakina ukucha.

Wakarudi kwenye programu, wao wawili. Walitafuta namna ya kuiamuru ipige kengele pia pale geji inapokaa kimya kupita kawaida wakati kazi inaendelea, na haikuwemo. Mhandisi akawaandikia walioitengeneza. Wakati jibu linasubiriwa, wifi akapanga yake: kila siku saa tatu asubuhi anashuka na simu mkononi, anachagua geji kumi, anagonga kila moja na kuangalia kama namba ya kwenye simu inaruka pamoja na mshale. Kumi tu, goti linakubali kumi. Siku nne, na siku ya tano moja iliyosalia, ile ya nyuma ya boila, ambayo mhandisi alijitolea kuingia yeye. Anaingia kiubavu, anagonga, na tunamsikia akitaja namba kwa sauti kutoka gizani kule. Jibu la watengenezaji lilikuja baada ya miezi miwili: wamekubali, wataiongeza kengele hiyo. Waliuliza ni mhandisi gani aliyeibuni. Kijana akawaandikia maneno mawili, "Mama Mshale," nao wakajibu kumshukuru Mhandisi Mshale.

Mwaka uliofuata mwenye kiwanda alinunua kiwanda kingine, cha kukamua mafuta, safari ya saa sita kutoka kwetu. Kule geji zilikuwa sitini na hazina hata jina moja. Wakamwomba wifi aende wiki tatu kuwafundisha namna ya kuzitambulisha kwenye programu. Hakuwahi kusafiri kwa kazi maishani mwake. Alifunga begi siku nne kabla, akalifungua, akalifunga tena. Alipofika alinipigia simu: wamempa chumba chenye meza na taa, na asubuhi walimsimamisha mbele ya mafundi kumi na wawili, wote wanaume, wakamwita mwalimu.

"Ukafanyaje?"

"Niliwasalimia. Nikawaambia wanionyeshe njia, tukatembea."

Alirudi siku ya Jumamosi, vumbi la safari limemjaa, miguu imevimba, sauti imekauka kwa kufundisha. Alikula kidogo, akaingia ndani akalala mpaka Jumapili mchana, jambo ambalo tangu aolewe nyumbani kwetu sijawahi kuliona. Majirani walikuja kumpa pole na safari. Kaka yangu alikuwa amekaa mlangoni, gurudumu lipo mbele yake na hajaligusa, na kila alipokaribia mtu aliweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe na kumwonyesha benchi la kusubiria.